Siku Nne za Ukimya

Mjomba wangu, fundi seremala wa mtaa wa Isevya, alikuwa ametimiza miezi saba bila kuonja wanzuki, ile pombe ya asali iliyokwisha kumfukuzisha kazi mara mbili. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka chuoni na stashahada ya afya ya jamii, pamoja na imani kwamba adui yetu ni ujinga. Basi mjomba alipotoka, nilimketisha mkewe karakanani, nikachora ubongo kwa penseli juu ya ubao wa mninga.

"Raha ya pombe ilichonga njia humu," nilieleza. "Nyasi zimeota, lakini ni kama njia ya misafara ya zamani: haijafutika. Msongo wa mawazo ukizidi, mwili humwaga homoni iitwayo kortisoli. Sehemu ya mbele, inayoshika breki, hulegea, na mtu hujikuta ameishika njia ile ile kabla hajaamua."

"Kwa hiyo?" mkewe aliuliza.

"Kwa hiyo asipewe msongo."

Mkewe aliitii sayansi. Yeye aliyemgombeza mumewe tangu uji wa asubuhi hadi kufunga mlango, sasa alisema, "Umeamkaje, mume wangu?" Mjomba alimwaga gundi kwenye mkeka mpya, akaambiwa, "Haina neno." Niliyaandika haya daftarini kwa fahari.

Siku ya nne, saa nne asubuhi, nilikuta meza aliyoagizwa na parokia imesimamishwa kwa miguu mitatu na fundi hayupo. Nilikimbilia kilabuni. Alikuwa ameketi mbele ya kopo lililojaa, bado hajaligusa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Kaa. Nimebakiza siku ngapi?"

"Siku za nini?"

"Usinifiche. Mke wangu kanyamaza. Jana kaniita 'mume wangu' mara mbili. Mwanamke yule alinigombeza hata msibani kwa mama yangu, eti nalia ovyo! Hospitali wamewaambia nini?"

Nilianza kumfafanulia kortisoli. Akalishika kopo. Hapo ndipo nilipotambua, kwa aibu ambayo sikufundishwa chuoni, kwamba msongo wenyewe ni mimi.

Mkewe alikuwa amenifuata. Aliposimama mlangoni na kuona mkono ulipo, sayansi yote ilimtoka.

"Wewe mwanamume! Meza ya padri umeiacha na miguu mitatu kama mbuzi aliyegongwa na treni, umekuja kukumbatia kopo! Limekuzaa hilo?"

Mjomba aliliachia. Uso wake ulikunjuka.

"Asante Mungu," alisema. "Siumwi."

Tulirudi nyumbani, mkewe akitangulia kwa maneno. Ghafla alinigeukia. "Na wewe msomi, ubao mzima wa mninga umeuchora kichwa!"

Mjomba hajanywa mpaka leo. Nyumba ikipoa kupita kiasi, husimamisha msumeno na kumwita mkewe, "Mama, kwema huko?"

Naye hujibiwa ipasavyo.