Nta Iliyotaka Kumkosesha Shangazi Ndoa

Enzi zetu, nyinyi mliozaliwa Mwingereza angali hapa mtanishuhudia, lori lilikuwa na adabu. Likiumwa, linasema. Mimi mtoto wa kike niliyeishia darasa la pili, na leo nina malori yangu mwenyewe, lugha hiyo nilijifunza siku moja tu: siku ya harusi ya Shangazi Tereza.

Padre wa Tabora alishasema wazi kwamba adhuhuri anaondoka kwenda vijijini, harudi mpaka mvua ziishe. Tukichelewa, hakuna ndoa. Basi asubuhi na mapema, pale kijijini kwetu Isikizya, Baba akapakia ukoo mzima kwenye lori la tajiri wake: ngoma, kuku, vibuyu vya asali, na Bibi juu yake. Shangazi akakaa mbele, juu ya tangi la petroli, maana lori lile tangi lake lilikuwa chini ya kiti.

"Kaka, nitanuka petroli mbele ya altare!"

Bibi akanikonyeza. Kwetu nta ya nyuki ilitibu kila kitu: ufa wa mtungi, ngoma iliyolegea, kisigino kilichopasuka. Nikakanda donge, nikaziba katundu kadogo nilikokaona kwenye kifuniko cha tangi. Harufu ikaisha. Nilijiona fundi!

Tukaondoka kwa vigelegele, tukaishika njia ya misafara ya zamani. Hatukufika mbali, lori likaanza kukohoa, nguvu zikapungua, likazimika katikati ya kilima. Baba akamwinua Shangazi, akafungua tangi, akapima petroli kwa kijiti. Ipo. Akasugua plagi, akawasha, lori likaruka kama swala.

"Plagi!" akatangaza.

Kidogo tu, kikohozi tena. Akapima tangi, akapuliza kabureta. Swala! "Kumbe kabureta!" Mara ya tatu akalaumu uzito, akatushusha wote. Wanawake wakasukuma wakiimba, bibi harusi katikati yao, mikono myeusi tii kwa grisi.

"Baba yangu alibeba pembe za ndovu kwa njia hii hii mpaka pwani," Bibi akamfokea Baba, "na hakuwa na plagi hata moja!"

Tulicheka hadi tukaishiwa nguvu za kusukuma. Lakini jua lilikuwa linapanda, na Shangazi akaanza kulia. Baba akafungua tangi tena, ndipo nikasikia: fyuuu! Lilivuta pumzi kama mtu aliyebanwa pua. Nikakumbuka, kila tangi lilipofunguliwa, lori lilipona. Nikisema, fimbo; nikinyamaza, Shangazi hana ndoa.

"Baba, pua yake nimeiziba mimi. Kwa nta."

Akatazama kifuniko, akanitazama mimi, akamtazama Bibi, ambaye ghafla alikuwa na kazi kubwa ya kufunga kuku miguu. Akachokoa nta kwa msumari. Kisha akacheka mpaka akakaa chini.

"Fundi mkuu, panda mbele!"

Padre tulimkuta mguu mmoja kwenye pikipiki. Wakwe wa Ng'ambo, mtaa wa pale pale Tabora, wakapiga ngoma, na pete ikaingia kidoleni yenyewe, kwa grisi ile!

Siku hizi lori langu likikosa nguvu, vijana wa gereji wanachomeka kompyuta, wanangoja iwafikirie. Mimi nafungua kifuniko cha tangi kwanza.

"Bibi, malori ya sasa hayapumulii hapo," wananicheka.

Najua. Mimi nasikiliza tu. Hakuna fyuuu, wala vigelegele nyuma yake.