Kitambaa Kikavu

Hivi wewe, nani alikufundisha mwili wa mwanaume? Mimi nilifundishwa na shangazi, jikoni kwake huku Kilolo, tunamenya viazi, wiki ile ile ya kuolewa. Akanipa kitambaa cheupe, kilainiii.

"Mumeo akimaliza, mfute. Kikilowa, ujue kafurahi. Kikibaki kikavu, jiulize."

"Nijiulize nini, shangazi?"

"Kalala na wewe au kalala na mawazo!" Akacheka mpaka kiazi kikamdondoka.

Basi, hiyo ndiyo elimu yangu. Shule yenyewe niliishia la pili.

Na mume wangu alikuwa mtu wa raha, jamani! Mvua ikinyesha, shamba haliendeki, anafunga mlango mchana kweupe. "Mama, njoo uniangalizie huyu jogoo, sijui ana nini." Na mimi naenda kuangalia, si nimeitwa? Tukazeeka hivyo hivyo, na vitambaa tukabadilisha vingi.

Halafu mkojo ukaanza kumsumbua, unatoka kwa matone. Hospitali wakasema ni tezi dume. Akafanyiwa upasuaji Iringa mjini, mimi nje kwenye benchi na chupa ya uji. Akapona kabisa! Alikuwa akienda kukojoa ananiita nisikilize. "Unasikia? Kama kijana!"

Siku moja mvua ikashika, akafunga mlango. Nikafurahi mwenzenu. Jogoo akasimama vizuri tu. Mwisho akanishika bega, pumzi juu juu, akatetemeka kama siku zote. Nikachukua kitambaa, nikamfuta. Kikavu. Tukakiangalia wote wawili.

"Nimeisha, mama," akasema.

"Umechoka tu."

"Siyo kuchoka. Wameitoa tezi, wametoa na uanaume."

Na mimi kitambaa mkononi, nikakiamini. Sikumuuliza, "Lakini umesikia raha?" Nani alinifundisha kuuliza hivyo? Yeye naye hakusema. Akahamishia kitanda kwenye chumba cha mbegu za viazi, akisingizia kikohozi. Mvua zikaja, zikapita, mlango haukufungwa tena. Watani wakimuuliza habari za jogoo, anajibu, "Alishachinjwa." Wanacheka. Mimi nachochea moto. Tumeishi hivyo miaka, mpaka nimemzika.

Mwaka jana nikaenda Mbeya kwa mjukuu wangu. Ni nesi wa wodi ya wanaume, na mimi namwita mume wangu, si unajua bibi na mjukuu hawafichani? Tuko mezani tunakula ndizi, nikamchokoza.

"Mume wangu, hao wazee mnaowatoa tezi, mnawatoa na raha?"

Akacheka. Akaniangalia, akaacha kucheka. "Hapana, bibi. Ile tezi inatengeneza sehemu ya yale maji tu. Ikishakwanguliwa, mlango wa kibofu haufungi vizuri, kwa hiyo maji yanarudi nyuma, anakuja kuyakojoa baadaye. Raha inapita kwenye mishipa ya fahamu. Kwa wengi inabaki."

"Hata kitambaa kikiwa kikavu?"

"Kitambaa gani?"

Nikamweleza yote. Akasukuma sahani. "Babu alikushika bega?"

"Alinishika. Kwa nguvu."

"Basi alifurahi, bibi."

Nikairudisha ndizi sahanini. Bega lilikuwa langu, mkono ulikuwa wake, na sisi wawili tukakaa tunasikiliza kipande cha nguo! Mvua zote zile, jamani. Mbegu za viazi ndizo zilizolala na mume wangu.

Nikamuuliza, "Huko kwenu wodini, mzee mnamwambia haya?"

"Tunamwambia."

"Na mkewe?"

Akakuna kichwa. "Wake zao wanakuwa nje kwenye benchi, bibi."

"Na chupa ya uji."

"Na chupa ya uji."

Akanishika bega, lile lile, bila kujua. Akasema, "Mke wangu, nakuahidi. Nikiwa zamu wodini, mke wa mgonjwa anaingia ndani na uji wake, wasikie wote wawili."