Meno ya Bi Zoraida Kwenye Kinywa cha Sokwe

Bi Zoraida Quimí alikuwa na meno ya bandia yaliyofaa kila kazi: kuvunja karanga, kuwacheka majirani na, kubwa kuliko yote, kusoma wosia wa mwaka mkongwe. Kusoma ni namna ya kusema tu, maana herufi hazijui. Hushika karatasi yoyote, hata ya kufungia jibini, maneno akayatoa kichwani. Kila tarehe thelathini na moja Desemba, kule mtaa wa Suburbio, mjini Guayaquil, kabla sanamu ya karatasi ya mwaka mkongwe haijachomwa, mwaka unaokufa huwagawia walio hai urithi wake: huyu mkosi, yule mkwe. Kwa miaka thelathini na mmoja msomaji alikuwa yeye, na kwa miaka hiyohiyo jirani yake Mzee Wacho Tigrero, muuza madafu, alikuwa akingoja bibi huyo apate japo mafua, ili asome yeye.

Siku ile hakupata mafua. Aliamka hana meno.

Usiku huyafunga kwenye gazeti, kwa kuwa glasi ya maji, asema, huyapa baridi yabisi. Sasa mvua ya usiku ilikuwa imeyabandua majitu ya karatasi ambayo mji mzima huzunguka kuyatazama mwezi huo, na alfajiri fundi wao, Olmedo, akapita nyumba kwa nyumba akiomba magazeti ya kuyaziba. Yadira, mkwe wa Bi Zoraida, akampa rundo zima, gazeti la meno likiwamo.

"Jirani, nasikia leo nasoma mimi," alisema Mzee Wacho mlangoni, kasimamisha guta lake, nywele kazipaka mafuta kabisa.

"Utasoma kaburini," akajibu Bi Zoraida, kaziba mdomo kwa aproni. "Nipakie, meno yangu yameenda na magazeti ya fundi. Ramani ya majitu unayo?"

"Ninayo. Ila wewe na madafu kwa pamoja, guta litalia."

"Lilie. Mwenye guta mwenyewe kila siku analia."

Jitu la kwanza lilikuwa roboti, refu hivi kwamba njiwa hupumzika begani mwake kabla hawajafika kichwani. Ukibisha, kawaulize njiwa. Familia zilikuwa zimejipanga kupiga picha. Bi Zoraida akapita katikati yao, akaligonga tumbo kwa mwiko na kutega sikio.

"Bibi, unatafuta nini?" akauliza baba mmoja.

"Nasikiliza kama limeiva."

Tumboni hamkulia meno. La pili, joka la Barabara ya Kumi na Saba, nalo halikulia, ila rangi yake ilikuwa mbichi, akaondoka na sikio la bluu. Fundi alikuwa ameshapita, wakaambiwa, kaelekea kwa sokwe.

Kwa sokwe, Barabara ya Ishirini na Tisa, foleni ilikuwa imezunguka kona. Watu walikuwa wakicheka kabla hawajafika. Bi Zoraida akainua macho, akaona kwa nini: katikati ya kinywa kikubwa kama mlango wa gereji, meno yake mwenyewe, madogo kama punje za wali kwenye sufuria ya harusi, yanawachekea wapita njia.

"Mvua ilimng'oa mdomo," akasema fundi Olmedo, kasimama kwenye ngazi. "Nikafungua gazeti, nikakuta meno. Nikasema, Mungu kaleta."

"Mungu kakosea nyumba. Yateremshe."

"Hayateremki," akasema Bi Narcisa, mwenyekiti wa mtaa ule, mikono kiunoni. "Watu wamelikimbia joka kuja kuona kicheko hiki. Yatatoka yakiungua na kichwa."

"Mama, nina wosia wa kusoma jioni hii."

"Basi niletee mengine, uchukue yako."

Bi Zoraida akaitazama foleni, mdomo kwa mdomo. Wote walikuwa na meno ya kuzaliwa. Akakaa juu ya madafu, akajifunika uso mzima kwa aproni.

Mzee Wacho, ambaye siku zote alijisifu kuwa meno yake ni ya kuzaliwa, kazi ya mama yake na madafu, akageuka, akakohoa, akapanda ngazi. Aliposhuka, meno ya Bi Zoraida mkononi, mashavu yake yalikuwa yamebonyea kama mpira ulioishiwa upepo. Sokwe alikuwa anacheka kwa meno mengine, moja la dhahabu. Foleni ikapiga makofi.

"Wacho. Miaka yote hiyo ukisema ni ya kwako."

"Niliyanunua mwenyewe, ni ya kwangu," akasema, leso mdomoni.

"Si ulitaka kusoma wewe?"

"Nikisoma mimi, nani atanitaja? Kila mwaka nakaa mbele kusikia umeniachia nini."

Bi Zoraida akanyoosha mkono, akapewa meno yake. Aliyasuuza meno kwa maji ya dafu, akayatia mdomoni, yananuka gundi.

Jioni mtaa mzima ukakusanyika. Akakohoa, akainua karatasi.

"Na kwa Mzee Wacho Tigrero, asiye na jino hata moja, mwaka mkongwe unamwachia bakuli la supu ya samaki na vitunguu, kila asubuhi, mezani kwa Zoraida. Asichelewe, itapoa."

Watu wakaguna kwa raha. Mzee Wacho, mstari wa mbele, akanyoosha mkono na kuomba kifungu hicho kirudiwe, hakusikia vizuri.

Bi Zoraida akaitazama karatasi kwa makini, ramani ile ya majitu, kaishika juu chini, akakisoma tena, safari hii akaongeza ndizi za kukaanga.