Mtu wa Chini ya Mbao

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ukumbi wa maigizo mjini Mahajanga, nilipewa mkuki wa mbao nikaambiwa nisimame nisikohoe. Nilikuwa kijana wa Kikomoro wa mtaa wa Tanambao. Chuo cha Kurani nilihitimu, shule ya Kifaransa niliionja tu. Bendera ya uhuru ilikuwa haijapauka. Mkurugenzi wa kundi, tuliyemwita Patron, alitaka kila mji uwaone wafalme wake jukwaani.

Nanyi mnaoigiza leo mjue, zamani tulikuwa na mkumbushaji. Alikaa shimoni chini ya mbao za jukwaa, maandishi mkononi, na mwigizaji akikwama alimnong'oneza. Wetu aliitwa Justin. Namtaja makusudi.

Tukaenda kisiwani Nosy Be na mchezo wa mfalme wa Kisakalava. Mimi nilikuwa mpiga mbiu, wa kutangaza kifo cha mfalme kwa jina lake. Lakini kwa Wasakalava mfalme akifa, jina alilokuwa nalo akiwa hai halitamkwi tena. Hupewa jingine la heshima. Mtunzi alitoka mbali, hakulijua hilo. Mimi nimekua nao ua mmoja. Nilimwonya Justin, akacheka, akauliza Mkomoro ameanza lini kulinda wafalme wa watu.

Nilipofika kwenye jina nikapiga magoti, nikanyamaza. Justin akanong'ona jina. Sikulichukua. Akarudia kwa nguvu, mpaka safu za mbele zikasikia. Watu waliinuka wakatoka kimya. Heri wangetuzomea.

Asubuhi Justin aliapa kuwa niliyetamka ni mimi. Patron akaniambia nifunge mzigo, kundi halina kazi kwa mtu wa kuliharibia kisiwa. Nilikuwa nakunja nguo alipoingia Dady Soa, bibi wa ukoo unaotunza makaburi ya wafalme.

"Nani aliyelitaja?"

Patron akaninyooshea kidole.

"Huyu? Nilikuwa namtazama mdomo. Ulifungwa kama chaza." Akageuka. "Mna mtu chini ya mbao, ana sauti hana uso. Huyo ndiye atoe ng'ombe wa fidia."

Justin akatoa ng'ombe, amenuna. Mimi nikabaki kazini.

Patron alipoitwa kwenye televisheni alinichukua, akanifunza kuongoza. Akasema, "Yule bibi alijua kazi kuliko sisi. Anayesema tunamsikia tayari. Kamera mpe aliyenyamaza." Hiyo ndiyo picha ya karibu, uso mmoja ukijaza kioo. Wapiga picha walininung'unikia kwamba msemaji yuko upande wa pili. Niliwaambia wasubiri. Ndiyo elimu yangu yote, na imenilisha.

Sikuagwa kwa sherehe. Wakomoro tulipowindwa na kuuawa Mahajanga, aliyewaonyesha wauaji mlango wangu ni Justin. Hilo nalo naliandika. Nilikimbilia kwa Vola, muuza samaki, mjukuu wa Dady Soa, aliyeolewa mtaa wa nyuma. Akaniingiza chini ya kitanda chake cha mbao, akaketi juu yake.

Walionisaka wakaingia, wakamuuliza kama amemwona Mkomoro. Wakarudia kwa ukali. Kutoka kule chini niliona nyayo zake tu, zina magamba ya samaki, hazitikisiki.

Nimeongoza nyuso nyingi maishani. Uso wake wa saa ile sikuuona. Ila wale watu walisimama, wakautazama, wakaondoka, nami nipo hapa naandika.