Nililala Kimya Siku Nzima

Naikumbuka siku ile, mwanangu, na nikiitaja bado kovu linaniwasha. Uchungu wa mtoto wa kwanza ulinianza alfajiri. Tukaondoka kijijini kwetu Mlola na mama mkwe kwenda hospitali, na njiani akanionya nisimwaibishe, wanawake wa kwao hawapigi kelele. Nilipofika wodini nikageukia ukutani, nikauma khanga.

Nesi wa zamu aliitwa Mwanaidi. Namtaja, sioni haya. Alinipima mara moja, akasema bado, nilale chali nisisumbue. Mama mkwe akatolewa nje. Wenzangu wodini waliolia walifuatwa, hata kama ni kwa kugombezwa. Mimi nilisahauliwa. Mwanaidi akipita na simu sikioni alinisifu: "Huyu ndiye mwanamke, siyo nyinyi."

Nikavimba kichwa. Mimi niliyezoea kupanda mlima na tenga la kabichi kichwani, nililala kama gogo mpaka alasiri, sijanywa hata maji.

Zamu ikabadilika, akaja mkunga mtu mzima, Mama Hoza. Nikamwamkia shikamoo, sauti imekauka. Akauliza nani amekuwa na mimi. Nikasema hakuna. Akaninywesha maji, akanisimamisha, akanisugua kiuno. Lakini alipolisikiliza tumbo, moyo wa mtoto ulikuwa umeanza kuchoka. Akamwita daktari. Nikipelekwa kupasuliwa, alitembea ubavuni mwangu.

"Kisu hiki kinamwokoa mtoto wako, usikichukie," akaniambia. "Ila ungekuwa na mtu tangu asubuhi wa kukutembeza na kukutia moyo, huenda tusingefika huku. Na kunyamaza hivi, mwanangu, alikufundisha nani?"

Mlango wa chumba cha upasuaji ukafunguliwa, nikaingizwa.

Mtoto alipona. Kidonda changu kikatunga usaha, msimu mzima wa viazi sikushika jembe. Mwanaidi namlaumu, mama mkwe namlaumu, Mungu amrehemu. Na mimi mwenyewe nimo, niliyependa sifa.

Basi uchungu ukikushika, usijifanye jasiri. Mwite mkunga, mwambie panapouma, muulize kama unaweza kutembea, kukaa, kunywa. Wakiruhusu mtu wa kukaa nawe, chukua mwenye mikono mipole, siyo anayeogopa aibu. Na daktari akisema lazima upasuliwe, muulize kwa nini, akueleze, kisha ukubali, maana wapo ambao bila kisu wangezikwa.

Mungu akupe mkunga asiyebanduka kando yako, mwanangu, na mtoke humo wawili, wazima.