Takia la Zuwena

Juzi televisheni ilionyesha filamu ile ya zamani, ya jasusi anayempenda mwanamke aliyetumwa kumpeleleza, nami nikahisi harufu ya udi aliokuwa akifukiza Bibi.

Nilipokuwa mdogo, Bibi alikuwa akiitazama sebuleni kwetu Ghubra, ng'ambo ya bahari, mlango umefungwa. Baba akibisha, Bibi humjibu, "Leo zanana, wanawake watupu!" Niliamini kwamba wanaume wa nje ndio majasusi.

Alasiri moja nilikalia takia tupu lililokuwa ubavuni mwake.

"Ondoka, mwanangu. Hapo nnamwekea Zuwena."

Zuwena alikuwa dada yake aliyebaki Unguja, mwenziwe wa sinema za zanana. Mimi nilidhani kajificha, nikamtafuta chini ya takia. Bibi alicheka mpaka machozi yakamtoka, nami nikayahesabu yote kuwa kicheko.

Juzi niliweka matakia mawili ubavuni mwangu, kisha nikafunga mlango.