Nilipima kiti cha Baba vibaya

Leo nimemliza mama kwa sababu ya kitambaa cha kiti.

Munanijua, mimi kuongea inanishinda. Acha niandike.

Jumamosi tunamaliza matanga ya Baba. Wageni watakuja, donc mama alitaka viti vyote vivalishwe upya. Mimi nilipima, yeye akanunua kitambaa.

Leo fundi wa viti amevuka mpaka kutoka Goma. Alipofika kwenye kiti cha Baba, akakunja uso.

"Mama, hii kitambaa haitatosha. Mutoto alipima kiti yenye imeshabonyea. Nikiweka sponji mupya, itapanda."

Kweli. Nilipitisha futi ndani ya lile shimo alilokaa Baba miaka yote. Sikufikiri kama linaweza kuondoka.

Mama akanigeukia: "Na masomo yako yote? Hata kupima kiti inakushinda?"

Nikaanza kukunja futi.

Fundi akasema polepole, "Ao tuache sponji ya zamani. Hapo kitambaa itatosha."

Mama akaenda kuketi pale. Tangu tumzike Baba hakuwahi. Akazama, magoti yakapanda, akalia mkono ukiwa mdomoni. Fundi akatoka nje, eti anatafuta misumari.

Halafu mama akasimama, akamwita.

"Bon, weka mupya. Huku nyuma utatia kitambaa ingine, si inaangalia ukuta?"

Kiti kimekuwa kizuri. Hakuna aliyekikalia.

Sponji ya zamani iko uani, bado imebonyea vilevile. Mama amesema niitupe kabla wageni hawajafika.

Nyinyi mungeitupa wapi?